SOMO LA MSIMU: UBAO WA KAMBI



Kila msimu unapokwisha hutujia watu na swali moja, ingawa kila mtu hulisema kwa maneno yake. Mmoja huuliza, "Mimi nilikuwa na wachumaji wengi kuliko jirani yangu, mbona yeye amemaliza mbele yangu?" Mwingine huuliza, "Karafuu zangu zilikuwa nzuri zikiwa mtini, imekuwaje kituoni nikaambiwa ni daraja la tatu?" Wa tatu haulizi kitu, hutoa daftari lililoingia maji, kurasa zimegandana, akatuomba tumsaidie kujumlisha. Nasi huwauliza wote watatu swali letu: "Je, katikati ya msimu, siku yoyote jioni, mlijua mmefika wapi?" Jawabu ni moja. Hesabu ilikuwa kichwani mwa msimamizi, au ilikuwa katika daftari, na daftari lilikuwa mfukoni mwake. Wengine wote kambini walijua jambo moja tu, kwamba kazi ni nyingi na haijesha.

Somo la mara hii ni juu ya ubao. Hatusemi ubao wa skuli wenye miguu na rangi nyeusi, ingawa mwenye nao hatumkatazi. Twasema kipande chochote cha mbao, au ukuta wa banda uliokandikwa ukanyooka, mahali ambapo kila aingiaye na kila atokaye hana budi kuuona. Juu yake huandikwa kila jioni kazi iliyofanywa na kazi iliyobaki, kwa alama ambazo hata asiyejua kusoma ataziona na kuzifahamu. Ndiyo hayo tu. Lakini wako wenzetu waliojaribu wakafaidika, na wako waliojaribu wakaharibu, na mbao zao zilikuwa sawasawa. Walitofautiana katika kile walichochagua kukihesabu, na hapo ndipo penye somo.

Alama za wazee, na alama za ng'ambo

Kuweka alama ya kazi si jambo geni kwetu. Mwanamke asukaye ukili hupima kwa mkono wake, na bunda linavyozidi kunenepa huona kwa macho kwamba mkeka umekaribia. Mchumaji alipwaye kwa pishi huchora mstari wa mkaa juu ya nguzo ya banda kila amiminapo pishi, na mstari wa tano akaulaza juu ya ile minne, ili jioni asihesabu sana na asidhulumiwe. Alama hizo ni nzuri, nasi hatutaki ziachwe. Lakini tazameni: mstari wa mkaa ni wa mtu na malipo yake. Hauwaambii watu wote kwa pamoja kambi imefika wapi.

Huko ng'ambo nako mambo yalianza kwa kumtazama mtu mmoja mmoja. Mwaka 1800 Bwana Robert Owen alishika uongozi wa viwanda vya kusokota pamba vya New Lanark, katika Uskoti. Alikuta watu wanaiba, wanalewa na kukawia kazini, na yeye hakupenda kupiga watu. Basi akamtundikia kila mfanyakazi, karibu na mahali pake pa kazi, kipande kidogo cha mti chenye pande nne, kila upande na rangi yake: mweusi kwa mwenendo mbaya, buluu kwa wa wastani, manjano kwa mzuri, na mweupe kwa mzuri sana. Kila siku msimamizi alikigeuza kile kipande kuonyesha mwenendo wa jana yake. Owen alipopita baina ya mashine hakusema neno. Alitazama rangi, kisha akamtazama mwenye rangi. Kijiti hicho kiliitwa mnyapara asiyesema. Na mtu aliyeona kuwa amepewa rangi isiyo yake aliruhusiwa kwenda kumshitakia Owen mwenyewe, jambo ambalo twaona lilikuwa na maana kuliko rangi zenyewe.

Sisi hatupendekezi vijiti vya Owen kambini. Mtu kushinda kutwa nzima na alama nyeusi mbele ya wanawe na wakwe zake ni jambo zito hapa kwetu, na mchumaji mwenye heshima yake atafunga mzigo wake aende kambi ya pili kabla ya adhuhuri. Tumekitaja kwa sababu chafundisha kwamba alama iliyo wazi mbele ya macho yaweza kufanya kazi ambayo maneno mengi hayawezi. Vilevile chafundisha kwamba alama hiyo yaweza kuuma.

Yatufaa zaidi fikira ya mtu mwingine, mhandisi wa Kimarekani, Henry Gantt, aliyezaliwa mwaka 1861 akafa mwaka 1919. Yeye naye alianza na alama za watu: mfanyakazi aliyetimiza kazi ya siku aliwekewa mstari mweusi, asiyetimiza mwekundu. Lakini baadaye michoro yake ilitazama kazi yenyewe, ikaja ikatumika Marekani katika kuunda meli na silaha wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Siri ya michoro hiyo ni nyepesi. Wakati uliopewa kazi huchorwa kama njia kutoka kushoto kwenda kulia, na kazi iliyokwisha huchorwa kama mstari ndani ya njia ile ile. Leo ni hapa. Kazi imefika pale. Kama mstari wa kazi haujaifikia leo, umechelewa, na hapana haja ya mtu kukuambia.

Kwa nini karafuu zataka ubao kuliko mazao mengine

Muhogo wangoja ardhini. Nazi yangoja juu ya mnazi, na ikianguka hukuangukia bure. Karafuu haingoji. Tumba likishapevuka na kuanza kuwa jekundu lina siku zake chache, kisha huchanua, na karafuu iliyochanua imeshuka thamani. Wala matumba ya mti mmoja hayapevuki pamoja, hivyo mti huo huo hurudiwa mara ya pili, na pengine mara ya tatu. Tena ikishachumwa haiwezi kulala. Yapasa ichambuliwe makonyo jioni ile ile, na asubuhi ianikwe. Jua likiwa zuri, siku nne au tano zatosha. Mvua ikija yaanuliwa mbio na siku zaongezeka.

Basi mwenye shamba anakimbizwa na mambo mawili kwa wakati mmoja, mti ulio mbele yake na jamvi lililo nyuma yake. Akitazama mti peke yake jamvi humshinda, na akikaa kulinda jamvi huku nyuma mti unachanua.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu twalijua lakini hatulifikirii. Mchumaji hulipwa kwa pishi ya karafuu mbichi. Mwenye shamba hulipwa kwa kilo ya karafuu kavu. Vipimo viwili hivyo havipimi kitu kimoja, na kila hasara ya kambi hupotelea baina yake: zilizovunda, zilizomwagika, zilizochanganyika na makonyo, zilizoanuliwa hazijakauka, na zile ambazo, tuseme wazi, zilitembea usiku.

Kosa letu wenyewe

Twalieleza jambo hili kwa aibu kidogo, maana ushauri ulitoka kwetu. Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja alitaka kambi yake ichangamke, nasi tukamwambia aweke ubao na aandike majina. Kila mchumaji jina lake, na mbele ya jina pishi alizoleta siku hiyo. Aliyeongoza aliwekewa nyota ya chokaa.

Juma la kwanza lilikuwa sherehe. Vijana walitoka na alfajiri, wakarudi na mapakacha yamefurika, na jioni wakasimama mbele ya ubao wakicheka na kutaniana. Pishi zilipanda kila siku. Mwenye kambi alitutumia salamu za shukrani, nasi tukajisifu.

Juma la pili tulikwenda wenyewe kutazama. Tulianza na shamba, na huko tuliona matawi yananing'inia. Kijana anayetaka nyota haitumii upembo kuvuta tawi taratibu. Hulivunja akalichuma akiwa amekaa. Tawi lililovunjwa ni karafuu za msimu ujao zilizotupwa. Tukafika kambini, tukafungua mapakacha, tukakuta ndani matumba mabichi ya kijani, yaliyochanua, majani, na mafungu mazima ya makonyo, kwa maana pishi haiulizi imejaa nini. Kisha tukasikia harufu.

Harufu ilitoka pembeni mwa banda. Huko palikuwa na chungu ya karafuu ambazo hazikuwa na jamvi. Zilichumwa, ndiyo, ubao uliziandika na nyota zilitolewa, lakini pa kuzianika hapakuwapo, na jana yake kulikuwa na manyunyu. Tuliingiza mkono ndani ya chungu tukautoa upesi, kwa jinsi kulivyokuwa na moto. Karafuu iliyopata moto wa namna hiyo hukauka ikiwa imepauka na kusinyaa, na hapana jua wala dua ya kuirudisha. Wachumaji walikuwa wanadai ujira wao kwa kila pishi, nao walikuwa na haki. Mwenye kambi alilipa pishi zote, kisha akauza nyingi katika hizo kwa bei ya chini. Fedha aliyokusudia kuezekea nyumba haikuonekana mwaka ule.

Jioni ile, tulipokuwa tumekaa kimya, bibi mmoja mchambuaji, mtu mzima, alimgeukia msimamizi akamwambia, "Mwanangu, ubao wako wawahesabu waliopanda juu. Sisi tuliokaa chini mbona hatumo?"

Tulitazama ubao tena, tukaona kweli. Wanawake waliochambua hadi usiku hawakuwamo. Waliogeuza karafuu juani hawakuwamo. Jamvi halikuwamo. Kila kilichokuwa kikituonya kilikuwa nje ya ubao.

Ubao wa vituo vine

Tangu siku hiyo hatumshauri mtu kuandika majina. Anayetaka kujua pishi za fulani atazame daftari la malipo, na daftari hilo ni baina ya mchumaji na msimamizi. Ubao ni wa karafuu. Wafuata karafuu kutoka mtini mpaka ghalani, na una vituo vine: MTINI, CHAMBUONI, JUANI, GHALANI.

Mtini. Chora miti yenyewe. Kabla ya kuanza kuchuma, pita shambani uhesabu mikarafuu yote iliyoweka matumba, kisha uchore ubaoni kijumba kimoja kwa kila mti, kwa safu, kama ilivyosimama shambani. Mti uliochumwa mara ya kwanza hupigwa mstari mmoja wa mshazari. Ukirudiwa hupigwa wa pili, ukawa msalaba. Mti uliobaki ni kijumba cheupe. Mgeni akiingia kambini saa yoyote ataona kwa mtazamo mmoja upande gani wa shamba umesahauliwa. Mara nyingi huwa ni ule wa bondeni, wenye siafu.

Juu ya vijumba hivyo chora njia ya siku, kwa mtindo wa Gantt. Tuseme una mikarafuu 120, na kwa kuyatazama matumba waona kwamba una siku 30 za kumaliza mchumo wa kwanza kabla hayajachanua. Basi ni miti minne kwa siku. Siku ya 10 miti 40 iwe imepigwa mstari. Ikiwa ni 31, mmechelewa miti tisa, na siku 20 zimebaki za kufanya lolote. Ukijua jambo hilo siku ya 10 waweza kutafuta wachumaji wawili zaidi. Ukilijua siku ya 27 utalijua tu.

Chambuoni. Hapa pishi zilizoletwa leo na pishi zilizochambuliwa leo huwekwa sambamba. Mistari ikilingana wachambuaji wamemaliza na watalala. Isipolingana, kesho watu wawili washuke mtini wakae chini wachambue. Na wasione haya, kwani kazi ni hiyo hiyo.

Juani. Kituo hiki kina maana kuliko vyote, na ndicho kisichoandikwa kabisa. Tutakieleza kwa hesabu, na twamwomba msomaji achukue kijiti achore mchangani tunavyokwenda.

Tuseme majamvi yako yote, yakijaa bila ya kurundikana, yabeba pishi 120. Jua ni zuri na karafuu zakauka kwa siku nne. Wachumaji wako waleta pishi 40 kila siku. Karafuu za siku ya kwanza zaanikwa asubuhi ya siku ya pili: pishi 40. Siku ya tatu ziko juani 80. Siku ya nne ziko 120, na majamvi yamejaa. Asubuhi ya siku ya tano waja na pishi 40 nyingine, na zile za mwanzo hazijakauka bado, zitaanuliwa jioni. Pishi 40 zinangoja. Zitapata nafasi asubuhi ya siku ya sita, lakini zitaziba nafasi ya wenzao, nao watangoja. Ukiendelea hivyo, asubuhi ya siku ya tisa pishi zinazongoja ni 80. Na hayo ni katika jua kali bila ya tone la mvua. Hiyo ndiyo chungu tuliyoikuta pembeni mwa banda.

Sababu yake yaonekana ukigawa: majamvi ya pishi 120 kwa siku nne ni pishi 30 kwa siku. Umeleta 40. Kila siku pishi 10 huzidi, na hazina pa kwenda. Mwenye kambi aweza kuongeza wachumaji, akawapa nyota, akawapikia pilau. Karafuu kavu hazitazidi, zitapungua. Lakini akiongeza majamvi ya pishi 40 tu, kambi yote itakwenda kwa mwendo mmoja, maana 160 kwa siku nne ni 40 kwa siku. Majamvi machache yalikuwa na thamani ya bati za nyumba yule bwana wetu.

Basi ubaoni mahali pa Juani chora majamvi yako. Kila jamvi ni mraba, na ndani ya mraba weka kijistari kwa kila siku ambayo karafuu zake zimepata jua. Jamvi lenye vistari vinne latazamwa: chukua karafuu uivunje; ikikatika kwa mlio imekauka, ikipinda bado. Siku ya mvua haiwekewi kistari, hata kama ziliwekwa nje kwa saa moja. Jamvi tupu huachwa tupu. Asubuhi msimamizi ahesabu miraba iliyo tupu kabla hajawatuma watu shambani. Ikiwa hakuna hata mmoja, na chambuoni kuna chungu, leo kazi si kuchuma. Leo kazi ni kuazima majamvi kwa jirani, au kufagia ua mwingine, au kupeleka zilizokauka kituoni ili ghala lipumue.

Twajua kuna watakaosema, "Nitawaachaje wachumaji wakae bure nao ninawalisha?" Hawakai bure wakitumwa kuchambua na kusafisha. Na hata wangekaa siku moja, gharama yake ni chakula cha siku moja.

Ghalani. Hapa andika kilo, si pishi, na uandike zilizopimwa, si zilizokisiwa. Tena fanya hesabu ndogo mwisho wa kila juma. Karafuu mbichi zikikauka hubaki kiasi cha theluthi ya uzito wake. Pima pishi yako mara moja ujue inabeba kilo ngapi za karafuu mbichi zilizochambuliwa, uandike namba hiyo pembeni mwa ubao. Kama juma lililopita ziliingia juani kilo 600 na ghalani zimefika 200 au karibu yake, alhamdulillahi. Zikiwa 150 kuna jambo. Pengine kipimo cha pishi kimekuwa na mkono mwepesi, au zimemwagika, au zimekaushwa kupita kiasi, au kuna mlango wa ghala usiofungwa vizuri. Tusimshuku mtu kwa haraka. Lakini kuuliza siku ya saba ni rahisi kuliko siku ya arobaini, kwa sababu watu bado wanakumbuka.

Baraza la jioni

Ubao usiosomwa ni ubao wa kutundikia makoti. Kila jioni, karafuu zikishaanuliwa, watu wote wakusanyike mbele yake kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, si zaidi. Alama zisiwekwe na msimamizi peke yake. Mmoja wa wachumaji apige mistari ya miti, mmoja wa wachambuaji aweke pishi za chambuoni, mwanikaji achore vistari vya majamvi yake. Mtu aliyeichora alama kwa mkono wake haiiti ya uongo, na akiona mwenzake amekosea atasema pale pale.

Kwa wasiojua kusoma hapana taabu. Mistari, misalaba na miraba haitaki skuli. Rangi nazo tunazo bila ya kununua: chokaa kwa kazi iliyokwisha, mkaa kwa iliyobaki, na udongo mwekundu kwa jambo linalotaka kutazamwa kesho. Katika kambi moja tuliona mtoto wa miaka minane akimweleza babu yake ubao mzima, naye alikuwa hajaelezwa na mtu.

Maswali ya baraza ni matatu na hayabadiliki. Wapi pamejaa? Wapi patupu? Kesho nani ahamie wapi? Msimamizi asifanye baraza kuwa mahakama. Akianza kuuliza "Nani?" badala ya "Wapi?", siku ya pili yake alama zitaanza kudanganya. Mti utapigwa mstari na nusu yake haijachumwa, jamvi litaongezewa kistari wakati lilikuwa na kivuli. Tumeyaona haya, na hatukuwalaumu waliofanya, maana walikuwa wakiukimbia ulimi wa msimamizi.

Weka pia pembeni mahali padogo pa matawi yaliyovunjika. Hapo haliandikwi jina, huandikwa idadi tu, na idadi itakiwayo ni sifuri. Mtu mmoja alitucheka tulipomwambia hivyo, akasema nani atakayekwenda kujishitaki. Lakini wachumaji wenyewe ndio walioanza kuambizana huko juu ya miti, kwa sababu kistari kimoja chekundu kilikuwa kikiwasimanga wote.

Na neno moja juu ya mvua. Shina la mkarafuu likilowa lateleza, na tawi lake huvunjika bila ya kuaga. Ikiwa imenyesha asubuhi, asipande mtu kwa ajili ya kujaza vijumba. Njia ya siku ichorwe kistari cha mkaa, watu waone kwamba siku ilipotea kwa mvua wala si kwa uvivu, na kesho hesabu igawanywe upya. Kijumba kitupu hakijamuua mtu.

Upande wa pili wa ubao

Msimu ukiisha msifute. Kwanza nakilini kila kitu katika daftari: miti iliyozaa, siku mlizotumia, siku za mvua, majamvi, kilo za kila juma, na daraja mlilopewa kituoni. Mwaka wa mavuno makubwa hufuatwa na miaka ya mavuno madogo, na mtu hukisia mwaka huu kwa kukumbuka mwaka ule aliofurahi. Daftari halina furaha wala huzuni.

Kisha geuzeni ubao. Upande wa pili chorwa miche. Wengi wetu huchukua miche vitaluni kwa bidii, tukajivunia idadi tuliyopanda, na idadi hiyo ndiyo tunayoitaja barazani mwaka mzima. Lakini mche uliopandwa si mkarafuu. Kiangazi cha kwanza huua mingi isiyo na kivuli wala maji, na uliosalia wataka kiasi cha miaka sita hadi minane ndipo uzae. Kila mche uwe na kijumba chake, na kila mwezi mtu apite: ulio hai uwekewe nukta, uliokufa upigwe mkaa. Mkiona mkaa umekusanyika upande mmoja wa shamba, nendeni mkatazame upande huo. Huenda migomba ya kivuli ilikatwa, huenda mchwa, huenda mbuzi wa jirani. Hilo la mbuzi mlimalize wenyewe, chama hakina somo lake.

Mwanachama atakaye kuchorewa ubao wa kwanza aje ofisini kabla ya kuanza kuchuma, siku yoyote ya kazi asubuhi. Mbao na chaki alete mwenyewe. Aje pia na hesabu mbili, ya mikarafuu yake iliyoweka matumba na ya majamvi yake yasiyotoboka. Na asiyejua ya pili, arudi kwanza akayakunjue.